Kuku wa kuanzia Mwimbi: vifaranga au mitetea?

MWENYE mtaji mdogo anayetaka kufuga kuku nyuma ya nyumba huko Mwimbi, wilayani Kalambo, hukutana na swali moja kabla hajanunua hata msumari wa banda: aanze na vifaranga wa siku moja, au na mitetea waliokwisha kukomaa? Ni rahisi kulijibu kwa kuangalia bei peke yake. Kifaranga ni bei ndogo, mtetea ni bei kubwa. Basi fedha inakwenda kwenye vifaranga. Jibu hilo la haraka, katika uwanda wa juu wa Ufipa, linaweza kummaliza mtu mtaji kabla hajaokota yai hata moja.

Bei ya kifaranga siyo bei ya kuku. Mfanyabiashara wa mahindi wa Sumbawanga anafahamu kwamba gunia alilonunua shambani halijawa mali mpaka ameongeza usafiri, ushuru, makuli na kilo zilizopungua njiani. Kuku naye ni hivyo hivyo. Gharama yake halisi ni fedha zote zilizotoka mfukoni hadi siku ya yai la kwanza, zikigawanywa kwa idadi ya mitetea walio hai siku hiyo.

HESABU YA VIFARANGA 50

Chukua mfano wa mtu anayeagiza vifaranga 50 wa chotara, yaani Sasso au Kuroiler, kwa sh. 2,000 kila mmoja. Bei zote katika somo hili ni za mfano. Msomaji aweke za sokoni kwake, njia ya hesabu haibadiliki.

Vifaranga wenyewe ni sh. 100,000. Chanjo, dawa, mkaa na maranda ni sh. 60,000. Wakifa watano, wanabaki 45. Hadi wiki ya 14 kila mmoja atakuwa amekula kama kilo tano za chakula, na kilo ikiwa sh. 1,000, hiyo ni sh. 225,000. Hapo ndipo wengi hushtuka. Aliyejiandaa na laki moja ya vifaranga anajikuta ametoa sh. 385,000 na hakuna senti iliyorudi.

Kuna jambo jingine. Vifaranga wa chotara kwa kawaida huuzwa bila kutenganishwa majike na madume, tofauti na wale wa mayai wa kisasa ambao hutenganishwa kiwandani. Kwa hiyo karibu nusu ya kundi ni majogoo. Siyo hasara, ila lazima wahesabiwe mapema. Katika mfano huu majogoo 22 wanauzwa wiki ya 14 kwa sh. 10,000 kila mmoja, wanaleta sh. 220,000. Mitetea 23 waliobaki wanakula kilo tatu na nusu zaidi kila mmoja hadi wiki ya 20, yaani sh. 80,500.

Jumla ya matumizi ni sh. 465,500. Toa fedha ya majogoo, zinabaki sh. 245,500. Gawanya kwa mitetea 23: kila mmoja amegharimu kama sh. 10,700. Hayo ni matokeo ya mtu mwangalifu.

Sasa yule wa pili, ambaye baridi imemwulia vifaranga 20 katika wiki mbili za kwanza, kabla hawajala cha kutajwa. Anabaki na 30: majogoo 15 na mitetea 15. Chakula cha mwanzo ni sh. 150,000, cha mwisho sh. 52,500, na majogoo wanarudisha sh. 150,000. Ukijumlisha vifaranga na chanjo, kila mtetea amemgharimu kama sh. 14,200. Waliokufa hawakula chakula, lakini walinunuliwa, walisafirishwa na walichomewa mkaa. Deni lao linabebwa na waliobaki.

BARIDI YA UFIPA

Ni rahisi kudhani mfano huo wa pili umetiwa chumvi. Haukutiwa. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi katika wiki yake ya kwanza, kisha hupunguziwa nyuzi mbili au tatu kila wiki. Mji wa Sumbawanga uko juu ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu mzima huko hulala na blanketi zito. Kijitabu cha ufugaji kilichoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam kinaposema vifaranga watoke kwenye joto baada ya wiki tatu, mfugaji wa Mwimbi akubali kwamba hakikuandikwa kwa ajili yake. Msimu wa baridi akadirie wiki tano au hata sita, na mkaa wa wiki zote hizo.

Safari nayo ina gharama yake. Vifaranga wa Sasso wanaototolewa na kampuni ya Silverlands huko Iringa, kwa mfano, hushuka hadi Tunduma ndipo washike barabara ya Sumbawanga, zaidi ya kilometa 220. Barabara hiyo, ambayo lami yake iligharamiwa na Marekani chini ya mkataba wa MCC wa mwaka 2008, imefupisha sana mwendo. Baada ya Sumbawanga, hata hivyo, bado kuna Matai, na baada ya Matai bado kuna Mwimbi. Kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini tumboni inayoweza kumweka hai siku mbili hadi tatu bila kula. Akifika Mwimbi akiwa ameshaitumia nusu ya akiba hiyo, anahitaji maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo kwanza, chakula baadaye kidogo, na joto tangu dakika ya kwanza. Bruda, yaani kile chumba kidogo cha kulelea vifaranga, iwashwe saa kadhaa kabla gari halijafika.

Vifaranga wenyewe ndio kipimajoto bora kuliko vyote. Wakirundikana karibu na jiko, wanaona baridi, na wa chini watakufa kwa kukandamizwa. Wakikimbilia pembeni huku midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kudonoa, mfugaji anaweza kwenda kulala. Jiko la mkaa lisiachwe kwenye chumba kisicho na tundu la hewa. Hewa ya mkaa huua vifaranga, na humwua pia aliyelala chumba cha jirani.

MTETEA WA SOKONI

Anayekwepa yote hayo na kununua mitetea waliokomaa anapata faida ya wazi: hakuna mkaa, hakuna miezi mitano ya kulisha bila mapato. Akikuta tembe, yaani kuku jike aliyekaribia kuanza kutaga, ndiye bora zaidi, maana maisha yake yote ya kutaga bado yako mbele. Tatizo ni kwamba hayuko kwa wingi, na sababu iko wazi: nani auze tembe zuri? Kuku anayeletwa sokoni na mwenyewe mara nyingi ana sababu ya kuletwa. Ama mwenye nyumba ana shida ya fedha, na hapo mnunuzi amepata bahati. Ama kuku amezeeka, amekuwa mla mayai yake mwenyewe, au jirani wa mwuzaji ameanza kufukia kuku wake.

Mnunuzi asiye na haraka anaweza kugundua mengi kwa mikono. Miguu ya kuku kijana ina magamba laini yaliyolala. Ya kuku mzee ni migumu, imeinuka na kukwaruza. Ncha ya mfupa wa kidari kwa kijana hukunjika kidogo ukiibonyeza, kwa mzee haisogei. Kisha mgeuze utazame nyuma. Mtetea anayetaga ana tundu pana lenye unyevu, na ile mifupa miwili iliyo kando ya tundu hupitisha vidole viwili au vitatu katikati yake. Tundu dogo lililokauka na mifupa inayopitisha kidole kimoja ni dalili kwamba hatagi, hata kama mwuzaji anaapa. Upanga mwekundu ni dalili njema. Macho yenye machozi, pua yenye kamasi na kinyesi cha kijani chini ya mkia ni sababu ya kumrudisha bila mjadala.

Hesabu yake ni hii. Mitetea 20 kwa sh. 12,000 ni sh. 240,000. Wawili wakifa na watatu wakaonekana wazee, wakauzwa kwa nyama sh. 9,000 kila mmoja, zinarudi sh. 27,000. Zinabaki sh. 213,000 kwa mitetea 15, yaani sh. 14,200 kila mmoja. Ni karibu sawasawa na yule aliyeuliwa vifaranga 20 na baridi. Kumbe mnunuzi wa mitetea naye hulipia waliokufa. Tofauti ni kwamba wake walikufa mikononi mwake wakiwa wakubwa, au walizeeka mikononi mwa mwingine.

Bei zikilingana, mayai hayalingani. Mtetea wa kienyeji anayejitafutia hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa vipindi, na kila kipindi anataka kuatamia. Chotara akitunzwa vizuri hupita 150. Mradi wa African Chicken Genetic Gains, ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI kuanzia mwaka 2014 katika Tanzania, Ethiopia na Nigeria, uliwajaribu Sasso na Kuroiler katika nyumba za wafugaji wa vijijini, si kwenye vituo vya utafiti tu, na sababu ya kuwaleta vijijini ilikuwa hiyo hiyo. Lakini chotara huatamia kwa nadra. Anayefuga chotara peke yake atarudi kununua vifaranga kila kundi linapozeeka.

MDONDO HAUNA BEI

Yote yaliyoelezwa hadi sasa ni hasara za kuhesabika. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauhesabiki. Ukiingia katika kundi ambalo halikuchanjwa unaweza kuua kuku wanane kati ya kumi au wote, ndani ya siku chache, na hakuna dawa ya kuutibu. Hapa ndipo mtetea wa bei poa anapokuwa kuku ghali kuliko wote.

Vijijini mlipuko wa mdondo huonekana zaidi miezi ya kiangazi hadi kuelekea mvua za kwanza. Wenye kuku wanajua hivyo, na wakisikia umeingia kijiji cha pili huwahi kuuza. Matenga hujaa, bei inashuka, na mnunuzi mgeni anadhani soko limemwonea huruma. Ananunua kumi, anawaachia uani pamoja na wale wa zamani, na kwa wiki moja uani kuna manyoya tu. Punguzo la bei katika msimu huo lichukuliwe kama taarifa ya ugonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kinga yake inajulikana na si ghali. Chanjo ya I-2, ambayo mbegu yake ilitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, huzalishwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Hutolewa kwa tone moja la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ina uvumilivu wa joto kuliko chanjo za zamani, jambo lenye maana kubwa kwa kijiji kilicho mbali na jokofu. Kikwazo ni chupa: moja huchanja kuku mamia, na mwenye mitetea kumi haoni kwa nini ainunue nzima. Dawa yake ni majirani kuchangia chupa na kuchanja siku moja. Jirani asiyechanja ni hatari kwa mtaji wa aliyechanja, kwa hiyo mwenye akili ya biashara anaweza kuona ni nafuu kumlipia jirani matone yake matano.

Kuku waliotoka sokoni wakae kwenye banda la peke yao, mbali na wengine, kwa siku zisizopungua 14. Idadi hiyo haikubuniwa: mdondo huweza kujificha ndani ya kuku hadi wiki mbili hivi kabla ya kujitokeza. Chanjo nayo inahitaji wiki mbili hadi tatu ili ijenge kinga, na haimsaidii kuku ambaye ugonjwa umeshamwingia. Chombo cha maji kiwe chao, na anayewahudumia aanze na wa zamani kisha amalizie na wageni. Waswahili walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa mdondo ni afadhali kamba hiyo iwe ndefu ya wiki tatu.

KOO BADALA YA JIKO

Kwa mtu wa Mwimbi anayeanza na fedha kidogo, kuna njia inayochukua nusu ya kila upande. Anunue mitetea wachache wa kienyeji, watano au sita, wakiwa vijana, kutoka nyumba anayoifahamu na si kwenye tenga. Awatenge, awachanje, awaache watage na kuatamia. Hapo anakuwa na makoo, na koo ni bruda isiyokula mkaa.

Mayai huanguliwa kwa siku 21. Anayejua siku hiyo anaweza kupanga vifaranga wa chotara wafike wakati koo anaangua, kisha usiku wa giza akawaingiza chini ya mbawa zake pamoja na wake. Asubuhi koo huwachukua wote kama wanawe. Katika baridi ya Ufipa asibebeshwe zaidi ya 12 au 15 kwa jumla, maana wanaobaki nje ya mbawa ndio wanaokufa. Koo wawili au watatu walioatamishwa siku moja wanaweza kulea vifaranga 30 bila jiko. Sharti ni kwamba koo awe amechanjwa na asiwe na utitiri, la sivyo atawagawia watoto wa kambo kila alicho nacho. Vifaranga nao waagizwe kutoka kiwanda kinachowachanja mareksi siku ya kwanza. Hata hivyo koo na watoto wafungiwe kwa wiki sita za mwanzo, walishwe humo humo. Wakiachwa watembee, mwewe, kicheche na baridi ya asubuhi hurudisha hesabu kwenye mfano wa pili, pengine chini yake.

KALENDA NA CHAKULA

Tarehe ya kuagiza huamua faida kuliko aina ya kuku. Vifaranga wakiingia katikati ya Septemba, baridi kali imekwisha, na wiki ya 14 inaangukia siku chache kabla ya Krismasi, majogoo wakiwa na bei. Mitetea wao wanafika wiki ya 20 mwanzoni mwa Februari. Aliyeagiza Juni kwa sababu ana fedha ya mavuno ananunua mkaa mwingi na kuuza majogoo Septemba, wakati hakuna sikukuu.

Ubaya wa kalenda ya Septemba ni chakula. Januari hadi Machi mahindi huwa ghali hata Rukwa, mkoa uliolisha nchi kwa miaka mingi. Basi mahindi ya kuku yanunuliwe mavuno yanaposhuka, Julai au Agosti, yahifadhiwe punje kavu na kusagwa kidogo kidogo. Pumba iliyokaa miezi huchacha. Mahindi yenye ukungu yasipewe kuku kwa hoja kwamba ni kuku tu: sumukuvu huharibu ini lake na kupunguza mayai. Mashudu ya alizeti yanapatikana katika ukanda huo, na dagaa wa Ziwa Tanganyika huteremshwa Kasanga, wilaya hiyo hiyo ya Kalambo. Mnunuzi wa dagaa wa kuku apime mchanga, kwani kilo ya dagaa walioanikwa ufukweni siyo kilo ya dagaa. Wasizidi sehemu moja katika kumi ya mchanganyiko, ama sivyo mayai yatanuka samaki na mteja hatarudi.

Kalambo inapakana na Zambia, na kishawishi cha vifaranga wa ng'ambo wa bei nafuu hakikosekani. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kuku kutoka nje kwa hofu ya mafua ya ndege, na Oktoba 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto huko Namanga. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka kibali kabla mnyama hajavuka mpaka. Asiye nacho anahatarisha fedha yote, si sehemu yake.

Kwa mfanyabiashara wa Sumbawanga au Matai mwenye mtaji mkubwa kidogo, hesabu hizi zinaonyesha nafasi ambayo wakuzaji wa vifaranga mikoa mingine wameshaiona: kununua vifaranga wa siku moja kwa mamia, kuwalea katika bruda moja iliyojengwa vizuri, kuwachanja mdondo na gumboro, na kuwauza wakiwa na wiki nne hadi sita. Mteja wa Mwimbi atalipa zaidi ya mara mbili ya bei ya kifaranga na bado atakuwa chini ya sh. 14,200 za mfano ule, kwa sababu vifo vya wiki za mwanzo vimebaki kwa mkuzaji mwenye jiko, kipimajoto na mazoea. Mkuzaji huyo aandike tarehe za chanjo kwenye karatasi na kumkabidhi mnunuzi pamoja na kuku. Mteja anayeipata karatasi hiyo ataweza kupanga chanjo ijayo, na akitaka kundi la pili atajua pa kurudi.